Taa Nne Zilizozidi

Nikijumlisha gharama ya jambo hili mara ya kwanza, napata taa nne, jenereta moja na kondoo arobaini na watano ambao hawakuwa wangu. Nikirudia kujumlisha, maana hesabu ya mara moja siiamini hata ikiwa yangu, napata neno moja tu. Neno lenyewe ni Paker. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniita hivyo, na haniiti tena.

Kazi yangu ni vyuma kuukuu. Niko na ploti Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, yenye ua wa mabati, mzani mmoja mkubwa na mbwa niliyepewa na mteja aliyepungukiwa na pesa za kumalizia deni. Watu wa kwetu walishuka huku kutoka mkoa wa Central wakanunua ploti, wakauza, wakanunua nyingine. Mimi nilichelewa nikapata hiyo moja, basi nikaona heri niuze vitu vilivyo juu yake. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata daktari wa meno aliponitajia bei nilimuuliza kama hiyo ni ya jino moja ama ni ya upande mzima.

Huyo aliyeniita Paker ni mfugaji, boma lake liko mbele ya Isinya, ukishapita mashamba ya maua na ploti zenye vibao vya kuuzwa. Tulijuana kwa sababu ya hesabu iliyonishinda. Ulikuwa mwaka wa ukame mbaya, akapita langoni kwangu na kondoo wake akitafuta mahali pa kuwanywesha. Nilikuwa na tangi limejaa maji ya kununua, nikapanga kumtoza kwa kichwa. Nikasimama langoni kuhesabu. Mara ya kwanza nikapata sitini na mmoja. Mara ya pili sitini na sita. Kondoo hawatulii, wanapitana, wanarudi nyuma kumwangalia mwenzao. Mara ya tatu nikapata hamsini na wanane, na yeye ananitazama tu, amejishikiza kwa fimbo yake. Siwezi kumtoza mtu kwa hesabu ambayo mimi mwenyewe siiamini, kwa hivyo nikamwambia awaache wanywe. Walikunywa siku moja ndiyo, moja hapana, wiki tatu nzima. Yeye akaona ni wema. Sikumsahihisha.

Mvua iliponyesha alirudi na kondoo jike mmoja kwa kamba, mnene, wa kichwa cheusi. Akanisalimia kwa Kimaasai, supa, nikajibu ipa, kwa maana hicho ndicho Kimaasai nilichokuwa nacho. Akanikabidhi kamba. Nikamuuliza ni pesa ngapi.

"Huyu hauzwi," akasema. "Ni wako. Kuanzia leo hatuitani majina tena. Wewe ni Paker, na mimi ni Paker."

Akanieleza kwamba *ker* ni kondoo, na kwao mtu akimpa mwenzake mnyama, wanaitana kwa mnyama huyo mpaka kifo. Wa ng'ombe ni Pakiteng, wa kondoo ni Paker. Halafu akaongeza kitu kimoja, sijui kama ni desturi ya watu wake wote ama ni yake mwenyewe: "Na Paker hapigiwi bei." Nilicheka nikidhani ananitania kwa sababu ya kazi yangu. Hakuwa anatania.

Tukakaa hivyo miaka kadhaa. Akipita Kitengela lazima aingie kwangu, anywe chai, aangalie kondoo wake ambaye sasa ni wangu. Huyo kondoo alizaa, na wanawe wakazaa. Sasa wako saba. Nimewahesabu mara mbili, hawa wangu wanatulia kwa sababu nimewafungia.

Sasa taa.

Uwanja mkubwa wa ndege, ule ambao ndege zake zikishuka zinapita juu ya mabati yetu huku, ulianza kujirekebisha. Ulikuwa unakula umeme kama mji mzima, na wakubwa wake walikuwa wameamua kupunguza matumizi na moshi pia. Walitaka mtu wa kuchukua taa zao za zamani, zile kubwa za juu ya milingoti zinazomulika mahali ndege zinaegeshwa. Nikapeleka bei, nikaipunguza, nikaipunguza tena, nikapata kazi.

Injinia aliyesimamia shughuli hiyo alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye koti la kung'aa na viatu vizito, na hakuwa na haraka. Kabla sijapakia kitu alinitembeza. Akanionyesha paneli za sola zilizofunika maegesho ya magari, ambazo zilizalisha umeme na kuwapa wenye magari kivuli bila kuwalipisha, na nikamwambia hapo wanapoteza pesa. Akanionyesha ndege imesimama mlangoni, imechomekwa waya mnene kutoka ardhini. Akanieleza kwamba zamani ndege ikiegeshwa ilikuwa inaacha injini ndogo ya mkiani ikinguruma saa nzima, inachoma mafuta ili abiria wapate taa na hewa baridi. Sasa inapata umeme wa waya, na ile injini inazimwa. Nilisimama pale nikasikiliza. Ndege kubwa vile, na ilikuwa kimya kama ng'ombe aliyelala.

Halafu tukafika kwenye taa zangu. Zilikuwa zimepangwa sakafuni katika banda, kila moja na ukubwa wa sufuria ya shule, na choki yake pembeni, lile sanduku la chuma na shaba linalolisha taa umeme, ambalo kwetu ndilo lenye pesa. Akaniambia kila taa ilikula wati elfu moja, na choki ikaonja zake juu. Zilizowekwa mahali pake zilikula chini ya nusu ya hapo na zilimulika vizuri zaidi. Nikamuuliza basi hizi si bado ni nzima. Akasema ndiyo, nyingi ni nzima.

"Ndiyo maana tunakupa kwa masharti," akasema. "Unazivunja zote. Alumini na shaba ni zako, sina maneno. Lakini taa ikitoka hapa ikawashwe kwingine, hatujapunguza kitu. Tumehamisha tu."

Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema taa arobaini na nane, na mimi nikasaini kwamba nitazivunja zote arobaini na nane. Baadaye, wakati wa kupakia lori, nilizihesabu. Hamsini na mbili. Nikahesabu tena, moja moja, nikigusa kila moja kwa mkono. Hamsini na mbili. Mtu wa stoo alikuwa ameongeza nne za akiba ambazo hakuna aliyeziandika.

Injinia alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, anaongea kwa simu. Ningeinua mkono tu. Nilifunga turubai.

Zile arobaini na nane nilizivunja, na kwa hiyo nilijiona mtu mwaminifu kabisa. Nne nikaziweka nyuma ya ofisi, nikazifunika gunia. Sikuwa nimesaini chochote kuhusu hizo.

Wiki mbili baadaye Paker akaja, na hakutaka chai. Fisi alikuwa ameingia bomani mara nyingine. Alikuwa akija karibu mara moja kwa mwezi, anachukua mmoja, anaenda. Kondoo wake wakati huo walikuwa sitini na wanne. Najua kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu, na yeye hakosei, anawajua kwa sura. Wale kondoo ndio waliokuwa kila kitu chake. Ng'ombe zake zilikufa ule ukame, ardhi nyingine ndugu zake walikuwa wameshauza ikageuka ploti, na binti yake wa kwanza alikuwa anasomea uuguzi Kajiado mjini, karo yake ikitembea kwa miguu minne. Akaniuliza kama nina mabati ya kuinua ua.

Nilikuwa na mabati. Ningempa mabati na hadithi hii isingekuwepo. Lakini mabati yana faida kidogo, na nyuma ya ofisi nilikuwa na taa nne zinazonisumbua. Nikaondoa gunia. Nikamwambia fisi haogopi mabati, fisi anaogopa mwangaza, na hizi ni taa zilizokuwa zinamulika ndege za kwenda Ulaya. Akachuchumaa akaigusa moja kama anavyomgusa kondoo wa mtu sokoni, pande zote, polepole.

"Ngapi?"

"Elfu kumi na mbili kila moja."

Bei niliyoitaka ilikuwa elfu saba. Hiyo nyingine tano ilikuwa ya kupunguziwa, kama kila mtu anavyojua. Nilikuwa na maneno yangu tayari kuhusu uzito wa alumini, kuhusu mteja mwingine anayekuja jioni, na nilikuwa nimejipanga kukasirika kidogo tukifika nane.

"Sawa, Paker," akasema.

Umewahi kuinua gunia ukidhani limejaa mahindi, kumbe ni pumba, ukayumba nalo nyuma? Ndivyo nilivyoyumba. Ningeweza kusema hapo hapo, ngoja, bei ni saba. Miaka ishirini nimekuwa nikiota kukutana na mtu wa kulipa bei ya kwanza, na sikuwa nimefikiria angekuwa nani.

Akasimama, akaniuliza swali moja la mwisho, swali ambalo mfugaji anauliza kuhusu mnyama yeyote mpya: "Zinakula nini?"

Nilijua zinakula nini. Nilikuwa nimeelezwa na mtu aliyesomea.

"Zinakula kidogo tu," nikasema.

Stima haikuwa imefika bomani kwake, kwa hivyo nikamtafutia jenereta ya dizeli, kuukuu lakini ya nguvu, na hapo pia nikaweka changu. Yeye akauza kondoo kumi kulipia vyote, na mwezi huo huo akaanza kuwasha.

Sikwenda kumwona kwa karibu miezi mitano. Nilijiambia kazi ni nyingi. Yeye pia alipunguza kupita kwangu, nami nikajiambia yuko na shughuli. Halafu siku moja ya soko nikiwa Kajiado kutafuta betri kuukuu, nikamwona upande wa mifugo, ameshika kondoo wawili, mmoja kila mkono. Alinisalimia vizuri, Paker, Paker, akauliza habari za nyumbani. Nikamwuliza karo imefika? Akasema hapana, hawa ni wa dizeli.

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anavyosema hawa ni wa chumvi.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwake. Nilifika adhuhuri, nikaona milingoti minne ya mbao kila pembe ya boma, na taa zangu juu yake kama masufuria yaliyoanikwa. Chini ya paa la nyasi jenereta ilikuwa imepoa, ukuta nyuma yake umekuwa mweusi mpaka juu, na nyasi pande zote zimelowa mafuta. Mitungi mitupu ya lita ishirini ilikuwa imepangwa kwa mstari. Nikakumbuka ile ndege kimya na waya wake. Kule waliizima injini ndogo, na huku mimi nilikuwa nimekuja kuiwasha.

Kondoo walikuwa wamejilaza kivulini, na kwa mara ya kwanza niliweza kuwahesabu. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

Nikauliza, kwa ujinga, kama fisi ameendelea kuja. Mke wake ndiye aliyejibu, alikuwa anamimina chai, na hakuniangalia.

"Fisi hajarudi hata mara moja, shemeji. Taa zako zinafanya kazi. Fisi alikuwa anakula mmoja kwa mwezi, anashiba, anaenda. Hizi zinakula mmoja kila siku ya nne, na sijaona zikishiba."

Nikapiga hesabu hapo nikiwa na kikombe mkononi. Mtungi mmoja kwa usiku, mitungi minne kwa kondoo mmoja. Ilikuwa sawa. Hata nilipoipiga mara ya pili ilikuwa sawa. Mama huyo hakuwa amesoma mambo ya wati, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko karatasi niliyosaini.

Nilimgeukia mumewe nikamwuliza kwa nini hakuzizima, ama awashe moja tu, ama aniletee nizichukue. Akafikiri kabla ya kujibu, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakikuwahi kumjia kichwani.

"Kitu kimetoka kwa Paker," akasema. "Nikikirudisha nitakuwa nimesema nini? Na wewe uliniambia zinakula kidogo. Nikafikiri ni mimi sijui kuzitunza."

Alikuwa ameenda kwa fundi mara mbili, kumbe, akidhani jenereta ni mgonjwa. Alikuwa amelipa fundi pia. Hiyo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu.

Basi nikamwambia yote. Nilianza na zile nne zilizozidi, nikamwambia taa hizi zilitakiwa kuvunjwa ili zisiwake tena popote, na kwamba mwenyewe nilielezwa zinavyokula. Nikamwambia bei ilikuwa saba. Sikumwambia kuhusu ile hesabu ya kondoo langoni, mwaka wa ukame. Nilikaribia. Lakini nikaona nikimwondolea na ile tutabaki na nini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mke wake aliingia ndani. Mbuzi mmoja wa jirani alikuja akanusa mitungi, akaenda. Kisha mwenye boma akaniambia nizishushe nizibebe, na aliponiambia hivyo aliniita jina langu. Jina langu la ubatizo, lote, kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Sikujua hata kama alikuwa analijua.

Nilizivunja mimi mwenyewe, kwa nyundo, siku hiyo hiyo, na Jumatatu nikaenda uwanjani kwa injinia na karatasi yangu. Nilidhani ataita walinzi. Alinisikiliza, akafungua faili lake, akakata arobaini na nane akaandika hamsini na mbili, akaweka sahihi pembeni.

"Hapa ndani tumehesabu kila balbu," akasema. "Kila waya, kila lita. Kumbe miezi mitano tumekuwa na taa nne zinawaka Isinya, na zinakunywa dizeli."

Nikamwambia pole. Akaniambia pole hiyo ipeleke Isinya. Lakini kabla sijatoka akanieleza juu ya taa ndogo za sola, za ukubwa wa kiganja, zinazowaka na kuzimika zenyewe kuzunguka boma, na fisi akiziona anadhani ni mtu anatembea na tochi. Hazili mafuta. Jua likizichaji mchana zimemaliza.

Nikanunua kumi na mbili. Nilizilipa bei ya kwanza, muuzaji akashtuka, akazihesabu pesa mara mbili kuona kama nimemdanganya. Nikazipeleka bomani, nikamwambia ni zake, hakuna pesa.

Akasema hapana, nimtajie bei.

Nikamwambia tena hakuna bei. Akasema basi nirudi nazo. Nikataja mia tano kila moja, chini ya nusu ya bei niliyonunulia.

"Mia tatu," akasema.

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia taa, anazigeuza, anatafuta kasoro. Akasema hii moja imekwaruzwa. Akasema kuna mtu soko la Kimana anaziuza rahisi. Alikuwa anaifanya vizuri, kwa kweli, na ni mimi niliyemfundisha bila kujua, vikombe vyote vile vya chai alivyokaa kwangu akinisikiliza nikiwasulubu wateja. Tulikutana kwenye mia tatu na hamsini. Akahesabu pesa, akanipa, nami nikazitia mfukoni bila kuzihesabu hata mara moja, na yeye akaniambia, "Hesabu." Nikahesabu. Zilikuwa kamili.

Nimeshapigiwa bei na watu wa kila aina, maaskari, mapadri, mama mkwe wangu. Haijawahi kuniuma. Siku ile nilikaa kwenye gari nje ya boma lake kwa muda kabla ya kuwasha injini.

Nasikia taa ndogo zinafanya kazi. Nasikia kondoo sasa ni ishirini na watatu, na binti amerudi chuoni baada ya kukosa muhula mmoja. Nasikia, kwa sababu siendi. Elfu tano ya kila taa nilimtumia kwa simu, na faida ya jenereta juu yake, akazipokea, akaandika "zimefika" basi. Lakini arobaini na watano siwezi kuwatuma kwa simu.

Kwangu kuna hawa saba. Kondoo wa kwanza bado yuko hai, amezeeka, meno yake yameanza kwenda. Nikiwapeleka wote saba, naogopa itakuwa nimerudisha alichonipa, na kwa maneno yake mwenyewe kurudisha ni kusema kitu. Nikipeleka mmoja tu, naogopa ataniuliza ni pesa ngapi. Nisipopeleka, hilo nalo nimeshalifanya mwaka mzima na sijaona faida yake.

Kwa hivyo nauliza, na sitaji bei ya kwanza ili unipunguzie. Wewe unayejua mambo ya hawa watu, ama uliyewahi kupewa mnyama na mtu ukamkosea: niende na kondoo yupi? Yule mzee, ama mjukuu wake wa mwisho, jike, wa kichwa cheusi kama nyanya yake? Na nikifika pale langoni na kamba mkononi, nimwite nani?